Hesabu ya Watu 168

Jioni moja mwaka jana nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Binti yangu, aliyekuwa gredi ya saba, alikuwa mezani na kitabu alichoazima maktaba. Akainua kichwa akaniuliza:

"Mama, kwani hawa Wainka walikuwa wajinga?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Hapa wanasema walikuwa mamilioni. Halafu Wazungu 168 wakaja wakawashinda siku moja."

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi nikiwa na umri wake. Nikamwambia Wazungu walikuwa na bunduki, farasi na panga za chuma. Wenyeji hawakuwa wamewahi kuona farasi, na walidhani wageni wale ni miungu. Akafikiri kidogo, akafunga kitabu. "Kama sisi tu," akasema, akaondoka kwenda sebuleni.

Nilibaki na kisu mkononi. Mimi nimesoma historia chuo kikuu miaka minne. Nilijua jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu yenyewe ilikuwa ile iliyo rahisi. Nilimpa kwa sababu mafuta yalikuwa yameanza kuchemka. Lakini mtoto alikuwa amechukua jibu langu na kulitumia kujipima yeye mwenyewe, na kupima babu zake. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na hiyo namba, maana si ya kubuni. Ijumaa au Jumapili, siku yoyote unayoweza kukumbuka maishani mwako, haiwezi kushinda Novemba 16, 1532 kwa uzito katika historia ya Amerika Kusini. Siku hiyo Francisco Pizarro alikuwa katika mji wa Cajamarca, kwenye milima ya kaskazini mwa Peru, akiwa na wanaume 168: 62 wenye farasi na 106 wa miguu. Bunduki zao zilikuwa chache na za kizamani, za kuwashwa kwa utambi. Nje ya mji, kando ya chemchemi za maji moto, lilikuwa limepiga kambi jeshi la Atahualpa, mtawala wa Wainka. Wahispania walilikadiria kuwa watu elfu arobaini, wengine wakasema elfu themanini. Usiku waliona mioto ya kambi hiyo mlimani, mingi kama nyota.

Je, walijiona miungu? Pedro Pizarro, jamaa wa kiongozi huyo, aliandika baadaye kwamba wenzake wengi walijikojolea kwa hofu wakiwa wamejificha kusubiri, bila hata kujitambua. Hao ndio mashujaa wetu wa vitabuni.

Na Atahualpa je, aliwaona miungu? Hapana. Alikuwa na habari zao tangu waliposhuka pwani. Mjumbe wake alikwenda kuwachunguza na akarudi na taarifa kwamba ni wezi wenye ndevu, wasiotimia mia mbili, wanaochoka kupanda mlima. Jioni ya kuamkia siku ile, Hernando de Soto alikwenda kambini akamsogeza farasi wake karibu na Atahualpa kiasi kwamba pumzi ya mnyama ilitikisa shada la kitambaa kwenye paji la uso wa mfalme. Atahualpa hakupepesa jicho. Waliorudi nyuma kwa woga ni baadhi ya watu wake, na wanahistoria wa enzi hiyo wanasema aliwaadhibu kwa kifo. Baadaye, akiwa kizuizini, alieleza mpango wake: awakamate wageni, awaue baadhi, awahasi wengine wawe watumishi wa nyumbani, na farasi awaweke wazaane. Hiyo si mipango ya mtu anayemwogopa mungu. Ni mipango ya mtu anayejiamini kupita kiasi.

Hicho ndicho kilichomponza. Kesho yake aliingia uwanja wa Cajamarca akiwa juu ya machela, amebebwa na wakuu wake, na msafara wa watu elfu tano au sita waliovaa mavazi ya sherehe, wengi wao bila silaha za maana. Jeshi kubwa alikuwa ameliacha nje. Uwanja ule ulikuwa umezungukwa na majengo marefu, milango yake ikitazama ndani, na Wahispania walikuwa wamejipanga humo gizani. Akatoka padre Vicente de Valverde na kitabu cha dini, pamoja na mkalimani kijana, akamtaka mfalme akubali dini ya Kikristo na utawala wa mfalme wa Uhispania. Atahualpa akakitazama kitabu, akakitupa. Mzinga ukalia. Farasi wakatoka mbio wakiwa wamefungwa njuga. Watu walisongamana hadi wakabomoa sehemu ya ukuta wakitafuta pa kutokea. Kwa muda wa saa mbili hivi, hadi giza lilipoingia, maelfu waliuawa. Wabeba machela walikatwa mikono, na wenzao wakaingia mahali pao kuendelea kuibeba. Pizarro ndiye aliyemkamata Atahualpa, na jeraha alilopata mkononi lilitokana na upanga wa mtu wake mwenyewe.

Vitabu vingi hukomea hapo, na ukikomea hapo utaona kweli kwamba 168 walishinda milioni. Lakini kumkamata mtu mmoja si kuteka nchi. Ili kuelewa kwa nini nchi ilianguka, inabidi turudi nyuma miaka michache, kisha twende mbele miaka minne.

Miaka kama mitano hivi kabla ya Cajamarca, Huayna Capac, baba yake Atahualpa, alifariki ghafla kaskazini mwa himaya. Wanahistoria wengi wanaamini aliuawa na ndui, ugonjwa ulioletwa Amerika na Wahispania ukasafiri kutoka kijiji hadi kijiji ukiwatangulia wenyewe. Mrithi aliyetajwa, Ninan Cuyochi, naye akafa wakati huohuo. Miongoni mwa Wainka hapakuwa na sheria kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi; mwenye uwezo na wafuasi ndiye aliyekalia kiti. Tena mfalme aliyekufa aliendelea kumiliki mali yake. Maiti yake ilikaushwa, ikavishwa, ikalishwa, na ukoo wake ukaendelea kusimamia mashamba na majumba kwa jina lake. Kila mfalme mpya alianza upya, na koo za wafalme waliotangulia zilikuwa na nguvu na maslahi ya kulinda.

Basi ndugu wawili wakashikana. Huáscar alikuwa Cusco, mji mkuu, na Atahualpa alikuwa kaskazini pamoja na majeshi yaliyozoea vita ya baba yao. Walipigana kwa miaka. Pizarro aliporudi Tumbes mwaka wa 1532, mji alioukuta miaka minne iliyopita ukiwa na neema sasa ulikuwa magofu. Alipopanda milimani, majenerali wa Atahualpa walikuwa ndio kwanza wamemteka Huáscar karibu na Cusco. Kwa hiyo mtu aliyeingia uwanja wa Cajamarca juu ya machela hakuwa mfalme wa taifa lililoungana. Alikuwa mshindi wa vita vya ndugu, amelewa ushindi, na nusu ya nchi inamchukia.

Hili la ndugu wengi hulijua. Lisilojulikana sana ni hili lingine: himaya yenyewe ilikuwa changa. Wainka walianza kupanuka kutoka bonde la Cusco katikati ya karne ya 15, wakati wa Pachacuti. Yaani siku ya Cajamarca, kulikuwa na wazee ambao babu zao waliishi wakiwa huru. Wainka waliiita nchi yao Tawantinsuyu, pande nne kwa pamoja, lakini huo umoja ulipatikana kwa vita. Wakañari wa huko inakoitwa leo Ekuado waliunga mkono upande wa Huáscar, na Atahualpa akawachinja kwa wingi. Wachachapoya walitekwa, wakaasi, wakatekwa tena, na wengi wakahamishwa kupelekwa mbali. Wahuanca wa bonde la Jauja waliona mazao na watu wao wakichukuliwa kulisha majeshi ya pande zote mbili. Watu kama hao walipoona kundi la wageni limemfunga pingu mfalme wa Wainka, hawakuona mwisho wa dunia. Waliona mlango umefunguliwa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyofikiri.

Atahualpa naye aliona mlango wake. Aligundua haraka kwamba wageni wanapenda dhahabu, akaahidi kukijaza chumba cha mita saba kwa tano hivi, hadi urefu wa mkono ulionyoshwa juu, dhahabu mara moja na fedha mara mbili. Kwa miezi kadhaa lama na wapagazi walishuka na mizigo. Wafua madini wa kienyeji ndio waliowekwa kuyeyusha kazi za mikono ya baba zao: zaidi ya tani 6 za dhahabu, zaidi ya tani 11 za fedha. Wakati huo wote majenerali wake hawakushambulia, kwa sababu amri ilikuwa bado inatoka kwa mfungwa. Na amri mojawapo iliyotoka ni ya kumuua Huáscar. Hata akiwa na minyororo, Atahualpa aliona adui wake mkubwa ni ndugu yake.

Aprili 1533 Diego de Almagro aliwasili na watu wengine 150. Julai 26 mwaka huohuo Wahispania walimnyonga Atahualpa, baada ya kumbatiza ili asichomwe moto. Fidia ilikuwa imelipwa.

Sasa, njia ya kutoka Cajamarca hadi Cusco ni zaidi ya kilomita elfu moja za milima, mabonde na madaraja ya kamba. Watu mia tatu wangepitaje? Walipita juu ya barabara za Wainka, sehemu ya mtandao wa zaidi ya kilomita 30,000, zilizotengenezwa kwa mawe. Walilala katika vituo vya Wainka. Walikula mahindi na viazi vilivyokaushwa kutoka ghala za Wainka, zilizojengwa kwa safu kwenye miteremko ili jeshi lolote linalopita lisife njaa. Himaya ilikuwa imejenga vyombo bora kabisa vya kutawala, na vyombo havina mwenyewe, humtumikia aliyevishika.

Ila ghala halifunguki lenyewe na mzigo haujibebi. Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize vizuri.

Wainka hawakuwa na maandishi kama haya. Walikuwa na kipu: nyuzi zilizofungwa mafundo, rangi na nafasi ya kila fundo vikiwa na maana, na wataalamu wa kuzisoma. Kati ya mwaka wa 1558 na 1561 machifu wa Wahuanca walikwenda mbele ya mahakama ya kifalme mjini Lima kudai haki zao. Walikuja na kipu. Mafundo yakasomwa, makarani wakaandika kwa Kihispania. Hesabu ilianzia siku Pizarro alipokuwa Cajamarca: tuliwapa lama kadhaa, magunia kadhaa ya mahindi, mablanketi, ndara, kuni, wapagazi wanaume na wanawake, wapiganaji. Waliorudi wangapi, waliokufa wangapi. Hata vitu walivyoporwa na wale waliowaita marafiki viliingia kwenye mafundo, kwa utaratibu uleule. Miaka zaidi ya ishirini na mitano ilikuwa imepita na hakuna kilichopotea. Hati hizo zilikaa kwenye kumbukumbu za Uhispania hadi mwanahistoria wa Peru, Waldemar Espinoza Soriano, alipozitoa na kuzichapisha katika karne ya 20.

Nilipozisoma habari zake mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kumbe kulikuwa na hesabu mbili. Moja ni ya Wahispania, inayosema tulikuwa 168. Nyingine ni ya mafundo, inayosema: na sisi je?

Twende sasa mbele, hadi mwaka wa 1536, tuone mambo yalikuwaje Wainka walipoamka. Wahispania walikuwa wamemweka Manco Inca, ndugu mdogo wa wale wawili, awe mfalme wa jina tu. Walimtukana, wakamfunga, wakamnyang'anya. Akatoroka, akakusanya watu makumi ya maelfu, akauzingira mji wa Cusco uliokuwa na Wahispania wapatao 190. Wakati huohuo jenerali wake Quizu Yupanqui alivizia kwenye mabonde membamba vikosi vilivyotumwa kutoka Lima kuokoa Cusco. Waliangushiwa mawe kutoka juu. Karibu kila kikosi kiliangamizwa. Huko Ollantaytambo, Manco aliufurika uwanda kwa maji ya mto ili farasi wakwame kwenye tope, na walioshuhudia walimwona akiwa juu ya farasi, mkuki mkononi. Ilikuwa miaka minne tu tangu Cajamarca. Watu wanaojifunza hivyo hawastahili kuitwa wajinga.

Kwa nini basi hawakushinda? Chuma na farasi vilisaidia, sikatai. Mpanda farasi mwenye deraya uwanjani ni shida kubwa kwa mtu wa miguu mwenye rungu. Lakini ndani ya Cusco pamoja na wale 190 walikuwemo Wakañari, Wachachapoya, na hata jamaa za Manco mwenyewe. Na Quizu Yupanqui aliposhuka kuushambulia mji wa Lima, Pizarro aliokolewa kwa sehemu na jeshi lililotoka Huaylas. Lilitumwa na chifu mwanamke aitwaye Contarhuacho, ambaye binti yake, Quispe Sisa, alikuwa amezaa na Pizarro. Alikuwa anamwokoa mwanawe na wajukuu zake. Kwa hesabu yake, hiyo ilikuwa vita ya familia.

Mifupa nayo imetoa ushahidi. Mwaka wa 2004 wanaakiolojia walianza kuchimba makaburi ya Puruchuco, pembeni mwa Lima, wakakuta makumi ya watu waliozikwa haraka haraka, waliokufa kifo cha vita, yaelekea katika uasi huo wa 1536. Fuvu moja lina tundu la risasi, na lilitangazwa mwaka wa 2007 kuwa la mtu wa kwanza anayejulikana kuuawa kwa bunduki katika Amerika. Gazeti lilichukua hilo likakimbia nalo. Lakini walio na majeraha ya wazi ya silaha za Kihispania ni wachache sana. Wengi walipondwa kwa marungu na mawe, yaani silaha za wenyeji. Walipigana Wainka na wenyeji wengine, huku Wahispania wakiwa miongoni mwao.

Binti yangu angeuliza hapa: basi hao Wahuanca walikuwa wasaliti? Nimelifikiria sana swali hilo, maana ndilo tunalokimbilia. Lakini usaliti unahitaji kwanza pawepo na "sisi." Mhuanca wa mwaka wa 1533 hakujiita Mperu, hakujiita Mhindi Mwekundu, wala hakujua kuna bara linaloitwa Amerika. Alijua bonde lake, na alijua nani amelichoma. Neno linalomweka kapu moja na Muinka aliyemtawala lililetwa na yule mgeni, baadaye, alipokwisha kuwatawala wote wawili.

Kosa lake lilikuwa jingine. Alidhani mgeni huyu ni kama wageni wengine: atapigana, atalipwa, ataondoka, au atakaa na kuoa na kuzoea. Hakujua kwamba nyuma ya wale 168 kulikuwa na meli nyingine, na nyingine. Felipe Guacrapáucar, mmoja wa machifu hao, alivuka bahari hadi Uhispania kudai malipo, akarudi na nembo ya heshima ya ukoo wake. Ukoo ukapata nembo. Watu wa bonde wakapata kodi, zamu za kulazimishwa migodini, na wimbi baada ya wimbi la maradhi. Mtafiti Noble David Cook alikadiria kwamba watu wa eneo la Peru walikuwa milioni 9 mnamo 1520, na kufikia 1620 walibaki kama 600,000. Ndui haikuuliza nani alibeba mzigo wa nani.

Wahispania nao walichinjana. Almagro aliuawa na akina Pizarro mwaka wa 1538. Wafuasi wa Almagro wakamuua Francisco Pizarro nyumbani kwake Lima mwaka wa 1541. Wainka walijificha Vilcabamba hadi 1572, Túpac Amaru alipokatwa kichwa katika uwanja wa Cusco. Fikiria: kutoka Cajamarca hadi siku hiyo ni miaka 40. Na kitabu cha maktaba kilisema siku moja.

Nilimwita binti yangu nikamweleza haya, si yote kwa siku moja, maana ana subira ya umri wake. Nilianza na viazi. Nikamwambia hivi tunavyovimenya vilifugwa na wakulima wa milima hiyohiyo, maelfu ya miaka kabla ya Pizarro, na vimezunguka dunia hadi kufika kwenye sufuria letu. Nikamwambia neno reale analolikuta kwenye hadithi za zamani za pwani limetokana na sarafu ya Kihispania, na fedha nyingi ya sarafu hizo ilichimbwa kwenye milima hiyo na watu waliolazimishwa. Akanyamaza. Kisha nikamwonyesha picha ya kipu.

Akaitazama muda mrefu. "Kwa hiyo walikuwa wanaandika wanadaiwa nini?"

"Waliandika wanadai nini."

"Na walilipwa?"

"Kidogo. Machifu."

Akahesabu mafundo kwenye picha kwa ncha ya kidole, mstari kwa mstari, akapotea, akaanza tena. Hakusema "kama sisi." Aliniuliza kama kuna mtu yeyote bado anaweza kuyasoma yote. Nikamwambia mafundo ya hesabu yanasomeka, lakini kuna kipu nyingine ambazo hadi leo wataalamu hawajazifumbua.

"Basi hatujui walisema nini kingine," akasema.

Nikarudi kwenye viazi vyangu.